Tabo ya dizeli imekufa: tuitengeneze au tuibadilishe?

MWAJUMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Mwajuma, niko na fundi Zuberi, na leo ni siku ya tabo. Kuna msikilizaji katutumia sauti ndefu, naifupisha. Ana pikapu ya dizeli, anapeleka bidhaa za dukani Njombe kutoka Dar. Akiwa anapanda Kitonga na mzigo, gari likaanza kupiga mluzi kama king'ora, nguvu ikakata, na nyuma ukawa moshi wa bluu mtupu. Akavutwa mpaka Iringa, akaambiwa tabo imekufa. Akanunua nyingine, ikafungwa, safari ikaendelea. Mwezi haujaisha, na hiyo nayo imekufa. Anauliza: anunue mpya kabisa, au atengeneze mojawapo ya hizi mbili zilizolala stoo?

ZUBERI: Pole sana kwake, maana hiyo ni hela nyingi imepotea. Ila mimi namwomba asinunue chochote kwanza, na asipeleke chochote kutengenezwa. Tabo mbili zikifa mfululizo namna hiyo, muuaji yuko kwenye injini. Akifunga ya tatu leo, ataiua vilevile.

MWAJUMA: Muuaji gani, fundi?

ZUBERI: Mara nyingi ni oili. Iwe haifiki, iwe inafika kidogo, au inafika ikiwa chafu. Hebu tuelewane kwanza hiki kidude kinavyofanya kazi. Tabo ina mapangaboi mawili kwenye shafti moja. La huku linasukumwa na moshi unaotoka injini kwenda ekzosi, la kule linavuta hewa na kuishindilia kwenye injini. Injini yako ya dizeli ikipiga mizunguko 4,000 kwa dakika umeshaikanyaga kweli. Shafti ya tabo inapita 100,000, na za magari madogo nyingine zinavuka 200,000. Upande mmoja kuna moshi ambao gari likiwa na mzigo unaweza kupita nyuzi joto 700. Na shafti hiyo haijakaa juu ya chuma. Inaelea kwenye utando mwembamba wa oili ndani ya bushi. Utando ukikatika, hata kwa sekunde chache, chuma kinasaga chuma.

MWAJUMA: Kwa hiyo tabo ndiyo inatangulia kufa.

ZUBERI: Inatangulia, na wewe ukiibadilisha bila kuuliza kwa nini imekufa, kinachofuata ni injini yenyewe. Chukua injini ya 1KD, hii lita 3 ya D-4D iliyojaa kwenye Prado, Hilux, Fortuner na Hiace zetu. Injini nzuri, ngumu, naipenda. Lakini inajulikana dunia nzima kwa jambo moja: washa za chini ya nozo, yaani zile pete nyembamba za kuziba pale nozo inayopulizia dizeli inapokaa. Zikichoka, moto wa kwenye silinda unapenya pembeni ya nozo na kuingia juu, chini ya kava la valvu. Pale unakutana na oili. Yale masizi yanachanganyika na oili, yanaganda, yanakuwa chenga ngumu nyeusi, kisha yanashuka mpaka kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini.

MWAJUMA: Na kwenye sampu kuna chujio.

ZUBERI: Ndilo hilo! Lile chujio la wavu pale pampu ya oili inaponyonyea. Ukishusha sampu ya gari lenye ugonjwa huu, unakuta wavu umezibwa, chenga zimejipanga kama masimbi ya kahawa, umebaki upenyo mdogo tu. Gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, linaonekana zima. Likipanda mlima na mzigo, injini inadai oili nyingi na haipati. Tabo inakatika. Kwa hiyo kwa msikilizaji wetu, kabla ya hela ya tabo, itoke hela ya kushusha sampu na kuangalia chujio. Wavu ukiwa umeziba, zifuate washa za nozo, maana ndizo chanzo. Usisafishe wavu ukaacha washa.

MWAJUMA: Kuna dalili mtu anaweza kuiona mwenyewe nyumbani?

ZUBERI: Ipo. Asubuhi unapowasha, angalia taa ya presha ya oili. Ikichelewa kuzima kuliko ulivyozoea, usiendeshe gari hilo. Nyingine, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Dizeli zote zinapumua kidogo pale, hilo ni kawaida. Lakini kama kuna pumzi nzito inayosukuma, ama nozo zinavujisha, ama pistoni na ringi zimechoka. Na hapo kwenye ringi kuna mtego mwingine unaoumiza watu.

MWAJUMA: Upi huo?

ZUBERI: Oili ikishapita kwenye tabo, inarudi kwenye sampu kwa kushuka yenyewe tu, hakuna pampu ya kuivuta. Sasa ndani ya injini pakiwa na presha kubwa kwa sababu ya ringi kuchoka, au ile njia ya kupumulia injini imeziba, oili haiwezi kushuka. Inajaa kwenye tabo, inapenya kwenye sili, inaingia kwenye ekzosi. Moshi wa bluu. Mtu anafunga tabo mpya kabisa ya kwenye boksi, anawasha, moshi wa bluu uleule. Anarudi dukani kugombana na muuza spea wakati tabo ni nzima. Gari la namna hiyo linahitaji injini kufunguliwa. Na kama injini inahitaji ovahoo na bodi nayo imeshachoka, kaa chini na kalamu upige hesabu ya gari zima.

MWAJUMA: Mimi nina magari ya mizigo, na nimeona kitu kingine. Dereva anapiga simu, "mama, gari halivuti, tabo imekufa." Ukifuatilia unakuta hozi ya intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, imepasuka.

ZUBERI: Hiyo ipo sana, na ni ya bei ndogo ukilinganisha na tabo. Angalia rangi ya moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Hewa inavuja mahali, au kliner, lile chujio la hewa, imeziba, au sensa ya hewa inadanganya. Bluu ni oili inaungua. Gari linakuwa zito na moshi mweusi, unasikia "fuuu" ukikanyaga mafuta, anza na hozi. Mtu mmoja akanyage, mwingine apitishe mkono na tochi kwenye hozi zote kutoka kwenye tabo mpaka intakula mpaka injini. Pasuko linakaa upande wa chini, usipoinama huioni.

MWAJUMA: Na mashine ya kupima ikisema P0299?

ZUBERI: P0299 inakwambia presha ya hewa haijafika inapotakiwa. Basi. Haijasema tabo imekufa. Inaweza kuwa hozi, inaweza kuwa vibapa vya tabo vimekwama. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi tabo zake zina vibapa vidogo upande wa ekzosi vinavyofunguka na kujifunga kulingana na mwendo. Masizi yakijaa, vinagoma. Shafti nzima, mapangaboi mazima, tatizo ni uchafu. Au mota inayovisukuma vibapa imekufa. Ukitupa tabo ya namna hiyo umetupa kitu kizima.

MWAJUMA: Haya, sasa tukubali imepimwa na kweli imekufa. Tunajuaje hii ya kutengeneza na hii ya kubadilisha?

ZUBERI: Vua bomba la hewa, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Utaliona pangaboi la hewa na nati yake katikati. Ishike kwa vidole viwili. Itikise juu na chini: kucheza kidogo ruksa, kwa sababu ule utando wa oili haupo injini ikiwa imezimwa. Sasa ivute kwako na uisukume ndani. Hapo usisikie mchezo wowote. Ukiusikia, beringi ya msukumo imekwisha. Kisha izungushe taratibu, huku unaangalia kama ncha za pangaboi zinagusa ukuta. Mulika ukuta wenyewe. Ukiona mistari ya kung'aa iliyochimbwa, pangaboi limeshakula nyumba yake.

MWAJUMA: Na oili niliyoikuta kwenye bomba?

ZUBERI: Unyevu wa oili kwenye bomba la hewa usikutishe, unatoka kwenye njia ya kupumulia injini. Ikiwa imetuama, unaweza kuichota, hapo ni habari nyingine. Sasa uamuzi. Kama nyumba zote mbili, ya upande wa hewa na ya upande wa ekzosi, ni nzima, hazijachimbwa, hazina ufa mkubwa, na vibapa vinacheza vizuri, badilisha katriji. Ni ule moyo wa katikati: shafti, bushi, sili na mapangaboi, vikija vimeungwa tayari. Bei yake iko chini sana ya tabo nzima. Lakini sharti lake ni moja, nalisisitiza: iwe imebalansiwa kwa mashine, na uoneshwe karatasi yake. Kwa kasi niliyoitaja, uzito kidogo tu ukizidi upande mmoja, shafti inajiua yenyewe. Fundi anayefungua tabo mezani, anabadilisha bushi na sili kwa mkono, anafunga, bila mashine ya kubalansi, usimpe kazi hiyo hata akikufanyia bure.

MWAJUMA: Na kama pangaboi la ekzosi limevunjika?

ZUBERI: Nunua tabo nzima. Vipande vikiruka mle vinaharibu vibapa na ukuta, katriji mpya ukiiweka humo unaipeleka machinjioni. Vilevile kama ile pete ya vibapa imelika, au mota imekufa na haiuzwi peke yake. Na kuna skrubu moja ya kuwekea kikomo vibapa, inasetiwa kwa mashine. Fundi akiichezea kwa macho, gari litakuwa zito chini au litazidisha presha juu. Isiguswe.

MWAJUMA: Wengi wetu tunaishia Gerezani, Kariakoo, kutafuta ya mtumba iliyotoka Japani.

ZUBERI: Siikatai moja kwa moja. Tabo ya kawaida, isiyo na vibapa vya kufunguka, ukiipima vidole kama nilivyosema na tundu la oili ukaliona safi bila masizi yaliyoganda, unaweza kupata kitu kizuri. Za vibapa naziogopa, huwezi kuzijua pale kaunta. Na zile kopi za bei ya kutupa, mpya zinang'aa, hazina karatasi wala jina la aliyezitengeneza, mimi sizifungi. Gari linalobeba watu au mzigo milimani halistahili kitu hicho. Bora katriji yenye balansi kwenye nyumba yako ya asili.

MWAJUMA: Kufunga kwenyewe kuna siri?

ZUBERI: Tabo nyingi mpya zinafia hapo. Badilisha oili na filta siku hiyohiyo, usirudishie oili ya zamani. Bomba linalopeleka oili kwenye tabo liwe jipya, maana ndani linaganda masizi usiyoyaona. Gasketi za njia ya oili zifungwe kavu, bila silikoni, kwa sababu kipande cha silikoni kikikatika kinaziba tundu. Intakula ishushwe, imwagwe oili yote ya tabo iliyokufa, ioshwe. Weka oili kwenye tundu la tabo kwa bomba la sindano, izungushe kwa mkono, kisha piga stata bila injini kuwaka mpaka taa ya oili izime. Ukishawasha, iache sailensa dakika kadhaa, usikanyage. Na kwenye kopo la oili soma alama ya API: zinazoanza na C ndizo za dizeli, za S ni za petroli. Fuata kitabu cha gari.

MWAJUMA: Umesema intakula imwagwe oili. Isipomwagwa?

ZUBERI: Injini inaweza kuinyonya ile oili na kuitumia kama mafuta. Unazima swichi, haizimi, inapanda yenyewe mpaka inapasuka. Gari la manyuo: kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa ya mwisho, achia klachi, itazimika. La otomatiki: ziba njia ya hewa kwa ubao mgumu. Mkono usiweke kamwe, wala kitambaa, kitanyonywa. Kama imeshapanda sana, ondoka, ondoa na watu. Injini inanunuliwa.

MWAJUMA: La mwisho, wameuliza wengi: tabo taima, kile kifaa kinachoiacha injini ingurume kidogo baada ya kuzima swichi, inahitajika?

ZUBERI: Kwa anayezunguka mjini, hapana. Ukifika nyumbani umeshaendesha taratibu mtaani, tabo imepoa. Lakini umepanda Kitonga na mzigo, juu kabisa unasimama kununua vitunguu na unazima hapohapo, pale oili inaungua ndani ya bushi. Kaa sailensa dakika mbili ndiyo uzime. Hilo halihitaji kifaa cha kununua, mwambie tu dereva wako.

MWAJUMA: Nawapigia wangu wote jioni hii. Fundi, ahsante. Wasikilizaji, maswali ya dizeli tuendelee kutumiana, wiki ijayo ni nozo na pampu.