Kamba Haikatikii Unapopatazamia

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mafundi mliovuka kutoka Matondoni, na nyinyi wanafunzi, ahsanteni kwa kuja hapa Ngomeni.

Nianze na kamba ya nanga. Usiku kucha maji yanaivuta nayo inashika. Wimbi moja likikirusha chombo ghafla, paa! Jana fundi mmoja aliniambia pale ufuoni, "Tena haikatikii unapopatazamia." Nilifurahi, maana jambo hilohilo lilimshangaza Mwingereza John Hopkinson mwaka 1872.

Alining'iniza waya, juu kaufunga imara, chini kautia kizuio. Akachukua uzito wenye tundu, akauvisha kwenye waya na kuuachia uporomoke hadi chini. Mara nyingine waya ulikatikia juu, mbali na pale palipopigwa! Na kilichoamua hakikuwa ukubwa wa uzito. Kilikuwa kimo ulichoangukia, yaani kasi.

Kwa nini? Nguvu ya ghafla haifiki kila mahali kwa pamoja. Husafiri kama wimbi. Ndani ya chuma huenda karibu mita 5,000 kwa sekunde. Likifika kwenye ncha iliyofungwa hurudi, na linalokuja hupandana na linalorudi, mkazo ukawa maradufu. Mmeyaona maji yakigonga ukuta wa gati yanavyoruka juu.

Haya, utapimaje kitu kinachokwisha kabla hujapepesa jicho? Bertram, mwanawe Hopkinson, mwaka 1914 aliifanya fimbo ndefu ya chuma ndiyo mizani. Mwaka 1949 Herbert Kolsky akatumia fimbo mbili, kitu kinachopimwa kimebanwa katikati, kidogo kama kidonge cha dawa. Fimbo ya kwanza hupigwa kitako. Wimbi likifika kwenye kidonge, sehemu yake hurudi, sehemu hupita. Lililorudi latueleza kidonge kimebonyea kwa kasi gani, lililopita latueleza kimehimili nguvu kiasi gani. Vihisi vilivyogandishwa ubavuni mwa fimbo ndivyo vinavyosikiliza.

Siku yangu ya kwanza nilizipanga fimbo zikapishana unene wa ukucha tu. Mchoro ukatoka kama mwandiko wa mlevi, na kutwa nzima ikaenda bure.

Chuma laini tukikipiga namna hii hukataa zaidi kupinda kuliko kikivutwa polepole. Kwa hiyo ukiniuliza nguvu ya chuma ni ngapi, nami nitakuuliza: kimepigwa upesi kiasi gani? Mtepe nao, kile chombo chetu cha kale, kwa vile ulishonwa kwa kamba za makumbi, uliachia kidogo ulipogonga mchanga. Mshindo ukapata muda wa kutawanyika.

Bakuli hili lina wanga wa mahindi na maji, mzito kama uji. Nao hukaidi ukipigwa ghafla, ila sababu yake si ile ya chuma. Hapa ni punje zinazokabana. Lakini njoo, mwanangu wa mbele. Chovya kidole taratibu. Kimezama, sivyo? Kitoe. Sasa piga ngumi. Usiogope, haitarukia kanzu ya babu. Piga!