Glasi Imefika Wapi? Adabu ya Wachina na Adabu ya Waingereza

JUMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi nazungumza kutoka Kariakoo, katika chumba kile kile ambacho feni yake mmeilalamikia tangu mwaka jana, na dada Salma yuko Manchester kama kawaida. Tuliahidi kuwaletea masomo matano kuhusu adabu na heshima kwa Wachina na kwa Waingereza, nami nimeyaandika yote matano kwenye karatasi.

SALMA: Shikamoo, kaka Juma.

JUMA: Marahaba, dada. Baridi inasemaje huko?

SALMA: Baridi tumeizoea, ila kabla hujaikunjua karatasi yako naomba nieleze yaliyonikuta Jumamosi, kwa sababu nahofia nimemkosea heshima mzee wa watu mbele ya meza nzima, na mpaka leo sijajua kosa lilikuwa langu au la bosi wangu.

JUMA: Eleza. Karatasi haitaoza.

SALMA: Mfanyakazi mwenzetu anayetoka Guangzhou, China, alitualika mkahawani ili tumkaribishe baba yake, ambaye amekuja Uingereza kwa mara ya kwanza. Tulikaa kwenye meza ya duara, ile ambayo katikati yake kuna kioo kinachozungushwa ili kila mtu afikiwe na chakula, na mzee akakalishwa kwenye kiti kinachotazama mlango. Baada ya supu alisimama na kikombe chake kidogo cha pombe, akaja upande wangu. Mimi nilikuwa na glasi ya juisi ya machungwa, nikasimama kwa furaha, nikainyanyua juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe, na nikaigonga ya kwake kutokea juu. Mwenzetu alinitazama kwa macho makubwa.

JUMA: Inna lillahi. Uliigonga kutokea juu?

SALMA: Kutokea juu kabisa.

JUMA: Dada Salma, hilo nililisema katika kipindi cha pili au cha tatu. Kwa Wachina, mdogo anapogonganisha glasi na mkubwa, ukingo wa glasi yake lazima uwe chini ya ukingo wa glasi ya mkubwa, na hakuna anayelitaja jambo hilo kwa mdomo. Tena mkubwa mwenye adabu, akiona kwamba anayemkirimu ni mgeni, naye huishusha ya kwake, na mgeni akiona hivyo hana budi kuishusha zaidi.

SALMA: Basi ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu mzee alipotoka kwangu alikwenda kwa bosi akashusha kikombe, na bosi, ambaye pengine alidhani huo ni mchezo, naye akashusha, mzee akashusha tena, hadi nikaona vikombe viwili vinaning'inia karibu na sahani ya samaki. Hapo bosi akaingiwa na hofu kwamba mkono wa mzee umechoka, akaweka kiganja chake chini ya kikombe cha mzee, akakiinua taratibu huku akiomba radhi. Meza nzima ilipiga makofi.

JUMA: Lazima wapige makofi! Mashindano hayo yakizidi, Wachina wenyewe hufanya hivyo hivyo: mmoja hukishika kikombe cha mwenzake kwa chini na kukiinua, kana kwamba anasema, inatosha, heshima yako nimeiona. Bosi wako amefaulu mtihani ambao hakujua kwamba anaufanya.

SALMA: Nami niliyesomeshwa nawe miaka mitatu nimeanguka.

JUMA: Glasi yako ilikuwa darini, dada.

SALMA: Ngoja, maana usiku huo liko jambo jingine lililonikera, na hapo ndipo hatutaelewana. Yule mwenzetu hakumshukuru baba yake hata mara moja. Mzee alikuwa anamchagulia minofu ya samaki, anaitoa miiba, anamwekea bakulini, na binti anakula tu huku akitazama simu. Bosi wangu, kwa upande wake, alimshukuru mhudumu mara kumi na moja. Nilihesabu: alipoletewa menyu, alipomiminiwa maji, alipoondolewa sahani, na mara moja alipokuwa hajaletewa chochote.

JUMA: Hiyo ya mwisho alikuwa anashukuru nini?

SALMA: Mhudumu alipita karibu naye.

JUMA: Sasa nikuambie kisa changu. Nilipokuwa nimepanga chumba Xiaobei, kule Guangzhou, nilishikwa na homa, na mama mwenye nyumba akawa ananiletea uji wa wali kila asubuhi. Siku ya kwanza nilimshukuru akafurahi, siku ya pili nikamshukuru akanyamaza, na siku ya nne aliliweka bakuli mezani kwa kishindo, akaniuliza kama mimi ni mgeni humo ndani. Wachina wanaposhukuriwa hujibu «bu keqi», na «ke» katika neno hilo ni mgeni, kwa hiyo jibu lenyewe ni kama kusema, acha mambo ya kigeni. Shukrani ni ya watu wa mbali. Ukimshukuru mama yako kila akikupakulia, unamsogeza barazani akakae na wageni.

SALMA: Nakubali kwamba ndani ya nyumba yao wanaelewana. Swali langu ni kuhusu aliye nje ya nyumba. Mimi hapa nikishuka basi, namshukuru dereva, na kila anayeshuka humshukuru, mtoto wa shule, bibi kizee, hata yule kijana mwenye kofia iliyomfunika macho. Dereva hajulikani umri wake wala cheo chake, na shukrani haimwulizi. Foleni ni hivyo hivyo: profesa anasimama nyuma ya mfagizi kwa kuwa mfagizi alifika kwanza. Beijing walipokuwa wanajiandaa kwa Olimpiki ya mwaka 2008, serikali ilitenga tarehe 11 ya kila mwezi, kuanzia Februari 2007, iwe siku ya kupanga foleni, kwa sababu tarakimu 1 mbili zinafanana na watu wawili waliosimama mmoja nyuma ya mwingine. Kama heshima yao ingemfikia mtu wasiyemjua, wangehitaji siku maalumu?

JUMA: Na bosi wako wewe unamwitaje?

SALMA: Kwa jina lake.

JUMA: Jina lipi?

SALMA: La kwanza, kama kila mtu ofisini.

JUMA: Mtu wa miaka hamsini na kitu! Glasi imefika wapi hapo?

SALMA: Imekaa sawasawa na ya kwake, naye ndivyo anavyotaka.

JUMA: Basi na hilo ndilo tatizo la mwaka 1793, na wala sikupanga kulitaja leo, liko kwenye somo la nne. Mfalme George wa Tatu wa Uingereza alimtuma Lord Macartney kwa mfalme Qianlong wa China kuomba bandari zaidi za biashara na ruhusa ya balozi wa kudumu Beijing. Desturi ya ikulu ilikuwa mgeni apige magoti mara tatu, na kila mara agonge paji la uso chini mara tatu, jumla tisa. Wajumbe wa Korea walifanya hivyo kila walipokuja. Macartney akakataa, akapiga goti moja, kama alivyozoea kumpigia mfalme wake. Mtu umesafiri karibu mwaka mzima baharini kwenda kuomba, mwenyeji wako ana umri wa zaidi ya miaka 80, halafu unambania magoti! Glasi ya Macartney haikushuka hata inchi.

SALMA: Umeruka sehemu muhimu, kaka Juma. Macartney alisema yuko tayari kusujudu kwa sharti kwamba ofisa wa Kichina wa cheo kama chake asujudu vivyo hivyo mbele ya picha ya mfalme George. Hakukataa kumheshimu mwenyeji. Alitaka heshima iende na irudi.

JUMA: Ukipeleka heshima na risiti mkononi, hiyo ni biashara.

SALMA: Kwani alikwenda kwa jambo gani kama si biashara? Tena Waholanzi walifika mwaka 1795 wakasujudu bila ubishi, kila walipoambiwa na mahali popote walipoambiwa, na bado wakarudi mikono mitupu. Waingereza walipotuma ujumbe mwingine mwaka 1816, Lord Amherst akakataa kusujudu, akafukuzwa bila hata kumwona mfalme. Aliyeinama na aliyesimama wote walikosa, kwa hiyo usiniambie kwamba magoti ndiyo yaliyoharibu mazungumzo.

JUMA: Sijasema yaliharibu mazungumzo, nimesema ilikuwa utovu wa adabu, na hayo ni mambo mawili. Wewe mwenyewe mwanzoni mwa kipindi umeniambia shikamoo, neno ambalo tumefundishwa wote kwamba asili yake ni kushika miguu. Umenishika miguu kutoka Manchester, mimi nikaitikia marahaba, na hukuniambia, kaka, nawe sasa shika yangu. Mbona hukudai risiti?

SALMA: Kwa sababu shikamoo inatembea na umri, na umri kila mtu anaupata akijaliwa uhai. Mimi naamkiwa shikamoo na wanao, nao wataamkiwa na wengine. Mjumbe wa Korea angesujudu hadi afe, na hakuna siku ambayo angesujudiwa yeye pale ikulu.

JUMA: Nyumbani kwake wanawe walimsujudia kila mwaka mpya. Ngazi ile ile, kila mtu ana ngazi yake.

SALMA: Na aliye ngazi ya chini kabisa, asiye na mtoto wala mdogo?

JUMA: Huyo ana wazee wanaomtazama. Mwingereza wako anamshukuru dereva, halafu hamjui jina kwa miaka ishirini. Shukrani nyepesi kama karatasi ya tiketi.

SALMA: Nyepesi, ila inamfikia.

JUMA: Sikubaliani nawe.

SALMA: Wala mimi sikubaliani nawe, na Macartney nampa goti lake moja.

JUMA: Basi tumekwama, na wenye chumba wamekwisha kugonga mlango mara moja, watu wa kipindi cha mpira wako nje na tumebakiwa na dakika tatu. Karatasi yangu ina masomo matano na sijasoma hata moja.

SALMA: Soma moja kwa haraka, na ikiwezekana liwe la zawadi, kwa sababu kesho bosi anampelekea mzee zawadi ya kumuaga. Amenunua saa nzuri ya ukutani.

JUMA: Saa?

SALMA: Ya mbao, ina kengele.

JUMA: Dada Salma, mzuie! Kwa Kichina, kumpa mtu saa ya ukutani hutamkwa sawasawa na kumsindikiza katika kufa kwake, na mzee wa umri ule ndiye hasa asiyepelekewa. Mwaka 2015 waziri wa Uingereza, Susan Kramer, alimzawadia meya wa Taipei, kule Taiwan, saa ya mfukoni, na meya akawatania waandishi wa habari kwamba labda ataiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ilibidi waziri aombe radhi.

SALMA: Mbona katika zawadi alizopeleka Macartney zilikuwamo saa, na wafalme wa China walizikusanya hadi leo zimejaa kwenye makumbusho ya ikulu Beijing?

JUMA: Na Macartney alirudi na nini?

SALMA: Haya. Lakini saa imekwisha kununuliwa, na risiti ameitupa.

JUMA: Kuna dawa yake. Mzee amlipe bosi pauni moja, hata senti kumi, ili iwe ameinunua na si amepewa. Mwambie binti yake mapema awe na sarafu mfukoni, maana bosi wako asipoelezwa atakataa kuipokea hiyo pauni, ataomba radhi, atamrudishia mzee, mzee atamsukumia tena...

SALMA: Na watafika sakafuni.

JUMA: Wanafungua mlango, dada. Mwandikie.

SALMA: Namwandikia sasa hivi.