Kumjua Mnyama Bila Kumvuruga

(Mhadhara kwa waongoza watalii na wanafunzi wa wanyamapori, Njiro, Arusha)

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo.

Pale mlangoni mwenyeji wangu kaniuliza, "Mwalimu, nyangumi na Arusha wapi na wapi?" Ana haki ya kuuliza. Wengi wenu mnaijua Serengeti kuliko mnavyoijua Tanga. Lakini kila mwaka, kuanzia Julai mpaka karibu Oktoba, nyangumi wenye nundu wanafika pwani yetu. Wanatoka bahari za Antaktika, wanakoshiba, wanakuja kujamiiana na kuzaa kwenye maji ya joto. Huyo ni mamalia: anavuta hewa, ananyonyesha. Na anayemchunguza anapata shida ileile anayoipata mtu wa fisi kule Ngorongoro. Mnyama akishakujua upo, anaweza asifanye tena yale uliyokuja kuyaona.

Leo nazungumzia shida hiyo tu. Mambo ya bajeti na vibali tuwaachie wenye ofisi.

Zamani watafiti wa nyangumi hawakuwa na shida hii, kwa sababu walichunguza maiti. Miaka ya 1930 wanasayansi wa Uingereza walikuwa wanampiga nyangumi kwa bunduki chuma chenye namba, kinazama kwenye nyama, nyangumi anakwenda zake. Kisha wanasubiri auawe. Wawindaji wakimchuna na kumchemsha kupata mafuta, chuma kinaonekana, wakati mwingine kwenye pipa la kuchemshia, kinarudishwa London kwa zawadi ndogo. Mtafiti anabaki na nukta mbili kwenye ramani: alipopigwa chuma na alipofia. Katikati, giza. Watu walijua tumbo lake limebeba nini, wasijue anaogelea na nani.

Picha ndizo zilizobadilisha kazi hii, hasa miaka ya 1970. Nyangumi mwenye nundu akitaka kuzama kwa kina huinua mkia wote juu ya maji. Chini ya mkia huo kuna weusi na weupe uliochanganyika kwa namna yake mwenyewe, pamoja na makovu na ncha zilizokatika. Hakuna wawili wanaofanana. Unapiga picha, unampa namba, na miaka mitano baadaye mtu mwingine akimpiga picha bahari nyingine, mnajua ni yuleyule. Kule British Columbia, nchini Kanada, mtafiti Michael Bigg na wenzake walifanya hivyo kwa orka, yule pomboo mkubwa mweusi na mweupe, kwa kutazama pezi la mgongoni na baka la kijivu lililo nyuma yake. Watu waliamini orka wa eneo lile ni maelfu. Walipohesabiwa mmoja mmoja ikaonekana ni mamia machache tu, na wakati huo walikuwa wanakamatwa kwa ajili ya maonyesho. Halafu likaja jambo ambalo maiti isingelisema kamwe: katika orka wale wanaokula samaki, dume zima, baba wa watoto, bado linaogelea na mama yake.

Huku kwetu ilikuwa hivyohivyo. Iain Douglas-Hamilton aliwatambua tembo wa Manyara miaka ya 1960 kwa masikio na meno yao. Twiga wa Tarangire siku hizi kompyuta ndiyo inalinganisha mabaka yao. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa tangu 1966, na kitambulisho chao kipo usoni. Ukimtazama simba kwa darubini, sharubu za shavuni zimepangwa kwa mistari, kila unywele umeota kwenye doa jeusi. Juu ya mstari wa kwanza kamili kuna madoa machache yaliyojitenga. Mpangilio wa madoa hayo, kushoto na kulia, ndiyo sura yake, na haubadiliki mpaka anakufa. Wengi wenu mmekaa mita kumi kutoka kwa simba mara nyingi mno, na sina hakika ni wangapi mmewahi kuyatazama.

Sasa, kumtambua bado si kumwelewa. Unamuulizaje mnyama swali?

Hapa nataka nikae kidogo, maana jaribio hili nalipenda. Watafiti Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walitaka kujua kama simba jike anajua kuhesabu. Walirekodi ngurumo za majike wageni, wakaficha spika, wakawapigia majike wenye eneo lao pale Serengeti. Mara nyingine ilisikika ngurumo ya mgeni mmoja, mara nyingine ya watatu wakinguruma pamoja. Wenyeji wanainua vichwa. Wanatazamana. Akisikika mmoja, na wao ni wengi, mara nyingi wanainuka na kuifuata spika. Wakisikika watatu, wanasita, wanatembea polepole, wanasimama, na wengine wananguruma kuwaita wenzao walio mbali. Walikuwa wanapima idadi yao dhidi ya idadi ya wageni. Matokeo yalichapishwa 1994. Hakuna simba aliyeguswa.

McComb baadaye alipeleka spika kwa tembo wa Amboseli, Kenya, ng'ambo ya mlima huu wetu wa Kilimanjaro. Safari hii sauti zilikuwa za watu. Mwanamume wa Kimaasai na mwanamume wa Kikamba wanasema maneno yaleyale kila mmoja kwa lugha yake: tazama, tembo wanakuja kule. Kwa sauti ya Mmaasai, tembo walijikusanya na kurudi nyuma zaidi kuliko kwa sauti ya Mkamba. Kwa sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai hofu ilipungua. Maana yake wanajua nani hubeba mkuki! Naona wazee wa Monduli hapo mbele wanacheka.

Na kuna mtu mmoja aliyeziunganisha bahari na nyika. Katy Payne alikuwa amechunguza nyimbo za nyangumi wenye nundu. Mwaka 1984 alikwenda kuwatazama tembo kwenye bustani ya wanyama huko Portland, Marekani. Hakusikia kitu, lakini alihisi hewa inatetemeka, kama alivyowahi kuhisi kinanda kikubwa cha kanisani kinapopiga noti ya chini kabisa. Vipimo vikathibitisha kwamba tembo wanazungumza kwa sauti iliyo chini ya uwezo wa sikio letu, na inafika kilomita kadhaa. Watunza wanyama na watafiti walikaa na tembo miaka yote ile bila kuisikia.

Tuje kwenye kinyesi, msikunje nyuso. Kinyesi cha nyangumi huelea kwa muda mfupi. Kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, mbwa waliofunzwa walikuwa wanasimama mbele ya boti na kuonyesha harufu inatoka wapi, mtafiti anachota kwa wavu na kupima homoni za msongo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kule Marekani, meli zilipungua ghafla na kelele chini ya maji zikashuka. Homoni za msongo za nyangumi zikashuka nazo. Kumbe hali tuliyoiona ya kawaida ilikuwa ya mnyama aliyechoshwa na kelele zetu.

Watafiti wenyewe si watakatifu. Gombe, miaka ya 1960, sokwe mtu waliwekewa ndizi ili wasogee. Wakasogea kweli, wakarundikana, na ugomvi ukaongezeka. Ndizo zilizoleta picha nzuri, ndizo pia zilizotia doa sehemu ya takwimu.

Halafu tupo sisi. Kizimkazi, Zanzibar, utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwepo, pomboo wanapumzika na kula kidogo, wanasafiri zaidi. Kwenye Mara, upande wa Kenya, utafiti wa 2018 ulilinganisha majike wa duma. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, jike alilea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2. Kwenye watalii wachache, 2.3. Na hawakupata ushahidi wa gari kumgonga mtoto. Ni magari tu, yamesimama, yanatazama.

Kwa hiyo, wenye magari, nina ombi la kazi. Duma akiwa anawinda, kaa mbali, zima injini. Twiga mpige picha ubavu mzima, upande uleule kila mara, na andika tarehe na mahali. Simba, mashavu yote mawili, karibu kwa lenzi na si kwa gari. Picha kama hizo zina kazi kwa watafiti.

Nimeishia hapo. Yule kijana wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mbwa wa kunusa kinyesi, tuanze naye.