Siku Iliyopotea: Yoshua 10 na Ushahidi Usio wa Kweli

Bwana Yesu asifiwe.

Wenye Biblia naomba mfungue Yoshua sura ya 10, muiache wazi mapajani mpaka tumalize. Simu nazo msizifiche, maana ujumbe ninaotaka tuupime umo ndani ya simu za wengi wetu, na wengine tumeshawarushia wenzetu.

Ujumbe wenyewe unasema hivi. Wanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, walikuwa wakikokotoa mwendo wa jua, mwezi na sayari kwa kompyuta, wakirudi nyuma karne baada ya karne. Ghafla kompyuta ikagoma: kuna siku moja haionekani. Mmoja wao akakumbuka jinsi Yoshua alivyoomba vitani, na jua likasimama juu ya Gibeoni. Wakapiga hesabu upya, wakapata saa 23 na dakika 20. Dakika 40 zilizobaki zikapatikana katika 2 Wafalme 20, kivuli cha jua kiliporudi nyuma madaraja kumi kwa ajili ya mfalme Hezekia. Jumla saa 24, na sayansi imeithibitisha Biblia.

Ndugu zangu, habari hii si ya kweli, na inatupasa tuseme hivyo sisi wenyewe tunaoiamini Biblia kabla hatujaambiwa na wasioiamini. NASA ilianzishwa mwaka 1958. Hesabu hii ya saa 23 na dakika 20, pamoja na zile dakika 40, ilikuwa imechapishwa tangu 1890 na Charles Totten, afisa wa jeshi la Marekani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Yale. Kompyuta ilikuja kuongezwa baadaye, na kufikia miaka ya 1970 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Harold Hill, alikuwa ameieneza sana. NASA wenyewe walishakanusha.

Lakini tusiishie kwenye nani alisema. Tuangalie kwa nini jambo lenyewe haliwezekani, maana ukilielewa hili hutadanganyika hata ujumbe ukija na jina jingine.

Chukua saa ya ukutani. Usiku imesimama, kisha ikaendelea yenyewe. Asubuhi unaitazama. Je, saa hiyo itakuambia kwamba ilisimama? Haiwezi. Saa haijui kwamba ilisimama. Utajua tu ukiwa na saa nyingine ambayo haikusimama, ukazilinganisha. Kompyuta ya mwendo wa sayari nayo iko hivyo hivyo. Unaipa mahali jua na mwezi vilipo leo pamoja na kanuni za mwendo wao, nayo inarudi nyuma bila kukwama popote: mwaka 500 K.K., 1000 K.K., 1400 K.K. Haina mahali pa kugonga ukuta. Ili uone pengo, lazima uwe na maandishi ya mtu aliyetazama anga kabla ya siku ile, akaandika saa na mahali, nayo yamefika mikononi mwetu. Kutoka siku za Yoshua au kabla yake, maandishi ya namna hiyo yenye tarehe ya uhakika hatuna. Tena msomeni vizuri mwandishi: mwezi nao ulisimama. Ni kama mishale yote miwili ya saa kusimama pamoja.

Maandishi ya kulinganishia yapo kuanzia karne ya 8 K.K., kwenye vigae vya udongo vya Babeli ambako waliandika siku na saa za kupatwa kwa jua na mwezi. Na hapa sayansi ya kweli ina jambo zuri kuliko la uongo. Walipolinganisha vigae hivyo na hesabu za leo, waligundua kwamba dunia inapunguza mwendo wa kujizungusha kidogo sana: siku inarefuka kwa chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde moja kila karne. Kwa karne hizi zote, tofauti imejikusanya ikafika zaidi ya saa tano. Sababu kubwa ni mvuto wa mwezi unaosukuma na kuvuta maji ya bahari. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika kwa uaminifu alichokiona.

Sasa zile dakika 40 zimetoka wapi? Mtu alichukua madaraja kumi akayageuza nyuzi za duara. Duara lina nyuzi 360, siku ina dakika 1,440. Gawanya, uzi mmoja ni dakika nne, kumi ni arobaini. Kosa ni kwamba neno la Kiebrania pale ni ma'aloth, yaani vipandio, ngazi. Yaelekea ni ngazi za kupanda kwa miguu, ambazo kivuli kilikuwa kikizipita. Daraja moja lilikuwa na upana gani, maandiko hayasemi, kwa hiyo dakika zake hazihesabiki. Na hata tukikubali kwamba ni nyuzi: kivuli kikirudi nyuzi kumi kwa mwendo wa kawaida, kisha kikazipita tena, umepoteza dakika 80. Na saa 23 na dakika 20? Maandiko yanasema "kama siku nzima". Hiyo 23 na 20 haikupimwa na mtu yeyote. Ni 24 toa dakika 40, ili jumla ipendeze.

Wengine wamejaribu kwa njia ya heshima zaidi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Uingereza walipendekeza kwamba huenda lilikuwa kupatwa kwa jua kwa tarehe 30 Oktoba 1207 K.K., jua likaacha kuangaza. Hilo ni pendekezo la kitaalamu, wameonyesha hesabu zao, nasi tunaweza kulipima. Mimi lanipa taabu kwa sababu jua likipatwa, mwezi uko palepale mbele yake, na Yoshua anavitaja mahali pawili.

Turudi basi kwenye kitabu, maana humo mna utajiri ambao ule ujumbe umeufunika. Mstari wa 9: Yoshua alipanda kutoka Gilgali usiku kucha. Mstari wa 12: jua juu ya Gibeoni, mwezi katika bonde la Aiyaloni. Gibeoni iko mashariki, Aiyaloni magharibi. Kwa hiyo aliyesimama katikati ana jua upande wa mawio na mwezi upande wa machweo. Ni asubuhi, na mwezi umeshapita kuwa mpevu. Jeshi limetembea usiku mzima na siku ndiyo kwanza inaanza. Na neno analoliambia jua, dom, ni "nyamaza, tulia". Ni kitenzi kile kile cha Zaburi 37:7, ukae kimya mbele za Bwana.

Kisha mstari wa 14. Mwandishi anasema haikuwapo siku kama hiyo, na anataja sababu yake: Bwana aliisikiliza sauti ya binadamu. Mshangao wake uko hapo. Mtu wa vumbi alisema, na Mungu akasikia. Ule ujumbe wa simu haumgusi Mungu anayesikia. Unahesabu dakika tu. Ninaamini Mungu alitenda siku ile. Imani hiyo imesimama juu ya ushuhuda wa Maandiko, na haikuongezeka kwa NASA wala haipungui NASA wakikanusha.

Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa wa karne ya 5, aliwaonya Wakristo wanaosema upuuzi kuhusu nyota huku wakidai ni Biblia: asiyeamini anayejua nyota atasikia, na akishatukuta tumekosea katika analolijua, atatuaminije tukimwambia habari za ufufuo? Ayubu naye, sura ya 13 mstari wa 7, anawauliza rafiki zake kama watasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu. Vijana wetu wanaosoma fizikia huumizwa hapo. Akiigundua habari hii kuwa ya uongo, na aliipata kanisani, hatautupa ujumbe huo peke yake; ataitupa na imani.

Ikija nyingine, na zitakuja, tafuta kwanza mambo matatu: jina la aliyegundua, mwaka, na mahali alipochapisha hesabu yake. "Wanasayansi wamethibitisha" bila hayo, usirushe. Kisha fungua sura yenyewe uone kama inasema kile ujumbe unachodai. Na kama ulishausambaza, rudi kwenye kundi lile lile, si kwa mtu mmoja faraghani, uandike: "Ujumbe niliotuma kuhusu siku iliyopotea si wa kweli. Naomba radhi. Someni Yoshua 10:9–14." Inatosha.

Sasa mwenye Biblia wazi atusomee mistari hiyo, taratibu, kwa sauti.