Kuchagua bastola ya kwanza ya kujilinda ukiwa mkaazi wa Mombasa

Hamjambo nyote mnaotazama, wa kisiwani, wa Nyali, wa Likoni na kwengineko. Leo tunamsaidia mtu ambaye hajawahi kushika silaha maishani mwake achague bastola yake ya kwanza. Niko kwenye uwanja wa shabaha, mwalimu yuko ubavuni mwangu, na bastola hii mnayoiona mezani haina risasi. Tazameni namna tunavyohakikisha.

Mtutu unaelekea kwenye tuta la mchanga. Kidole kiko nje ya triga. Kwanza natoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya kishikio. Kisha navuta slaidi, hiki chuma cha juu kinachoteleza, mpaka mwisho, naikwamisha hapo, natazama kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, halafu napapasa kwa kidole. Mpangilio ni huo huo kila mara. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi moja itaruka nje na nyengine itaingia mahali pake, nawe moyoni umeshaamini kuwa bastola ni tupu. Watu wameuana hivyo, ndugu kwa ndugu, sebuleni.

Hatua ya kwanza, usiende dukani. Anza na leseni. Katiba yetu ya 2010 haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki. Unaomba ruhusa kwa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, kupitia Bodi ya Leseni za Bunduki. Utachunguzwa mwenendo wako, afya yako ya akili, na sababu ya kuomba. Cheti ukipewa, kinaandikwa silaha yako na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, na kila mwaka unakihuisha. Anayekunong'oneza kichochoroni kwamba anayo ya bei rahisi na haina makaratasi anakuuzia kifungo, na huenda ile silaha imeshaua. Ondoka hapo upesi.

Na hapo hapo kwenye fomu, penye swali la sababu, jiulize kwa dhati. Geti linafungika? Taa ya nje inawaka? Mlango una komeo la kweli? Hayo yanazuia mwizi kabla hajaingia. Ujue pia kuwa kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kujitetea kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani nguvu unayotumia ilingane na hatari iliyokukabili. Anayekimbia na televisheni yako mgongoni hakukabili tena.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha video hii: mkono wako. Wengi huchagua kwa macho, au kwa jina walilolisikia kwenye taarifa za habari. Mwalimu akishakuhakikishia kuwa bastola ni tupu, ishike hivi. Uwazi kati ya dole gumba na kidole cha shahada uingie juu kabisa nyuma ya kishikio, na mtutu uwe kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono. Sasa peleka kidole kwenye triga. Ncha yake ifike katikati ya triga bila wewe kuzungusha kiganja. Ukilazimika kuzungusha, bastola hiyo ni nene kwako na risasi zako zitakwenda pembeni. Vidole vitatu vya chini vyote vipate pa kukaa. Halafu vuta slaidi mara kadhaa. Dada zangu na wazee wenye baridi yabisi, msiambiwe kuwa hamna nguvu: shika slaidi kwa kiganja kizima, kisha sukuma kishikio mbele kwa mkono wa pili. Ikikataa hata hivyo, jaribu nyengine. Zinatofautiana sana.

Usidanganywe na udogo. Dukani kibastola kidogo kinavutia, kinaingia mfukoni, lakini bastola nyepesi hupiga teke kali, yaani hurudi nyuma kwa nguvu inapofyatuliwa, na mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Anayeanza anafaa ya ukubwa wa kati. Glock 19, iliyotoka 1988, ni mfano mzuri wa ukubwa huo: magazini yake ya kawaida huchukua risasi 15. Haina kitufe cha usalama ubavuni, kinga zake ziko ndani na kwenye triga yenyewe, kwa hivyo ni lazima ikae kwenye ala inayofunika triga kabisa. CZ 75, ile Ceska, ina kishikio kinachopendeza mkononi, lakini zile zenye mfumo wake wa asili, nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga, ikiwa imelala, mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, na unaofuata ni mfupi na mwepesi. Anayeanza huchanganyikiwa hapo.

Rivolva, ile bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka? Ni rahisi kuielewa na haina slaidi ya kuvuta. Ila zile ndogo hubeba risasi 5 tu, triga yake ni nzito, na teke lake si la mchezo.

Kuhusu risasi sitakawia. Milimita 9 kwa 19, yaani kipenyo cha risasi na urefu wa ganda lake, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, ndiyo inayotumika zaidi duniani kwenye bastola, na teke lake linafundishika. Lakini fikiria nyumba zetu. Usitegemee mlango wa mbao, dari ya jipsamu au ukuta wa udongo kuzuia risasi hiyo. Kama unaishi Majengo au Kisauni, nyuma ya ukuta wako amelala mtoto wa jirani. Kujua kilicho nyuma ya shabaha ni sehemu ya kulenga.

Halafu kuna chumvi. Hewa yetu inakula geti, inakula baiskeli, na bastola haisalimiki. Tafuta chuma kilichotiwa dawa ya kuzuia kutu, ujue kuwa hata kile kisichoshika kutu upesi hushika ukikipuuza. Jasho la kiunoni ni baya kuliko upepo wa bahari. Ukirudi nyumbani ifute, paka mafuta kidogo, na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu.

Kabla ya kulipa, tenga pesa za sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Juu ya kabati si mahali. Chini ya mto si mahali. Sikukuu ya Idi nyumba inajaa watoto wa ndugu, na mtoto hufika kila pembe. Ukikosa pesa za sanduku, subiri mpaka uzipate ndipo ununue bastola.

Mwisho, ombeni mwalimu awaruhusu kufyatua mbili tatu tofauti kabla hamjaamua, mkiwa na miwani na vizuia sauti masikioni. Anzeni na risasi moja moja kwenye magazini, karibu na shabaha. Ile ambayo alama zake zinakaa pamoja kwenye karatasi, hata mkono ukishachoka, andikeni jina lake.