Dalali wa mkopo wa nyumba Dodoma: anauliza nini kwanza?

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, tuko hapa hapa Dodoma. Tangu 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia huku, kila mtu anatafuta pa kujenga: Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mtumba. Na watu wa "nitakutafutia mkopo wa nyumba" nao wameongezeka. Kaka Yohana, wa kweli unamjuaje?

YOHANA: Namsikiliza anauliza nini kwanza. Akianza na "unataka shilingi ngapi?", naagana naye. Anayeijua kazi anaanza na hati. Atataka namba ya kiwanja, kitalu na jina lililoandikwa humo, kisha aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi.

NEEMA: Upekuzi unatoa nini?

YOHANA: Mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kama kuna rehani ya benki nyingine, kama kuna zuio. Hapa kwetu jambo hili ni zito zaidi. CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, ilivunjwa 2017, kazi zake zikaenda halmashauri. Kwa hiyo mmoja ana karatasi za zamani za CDA, mwingine ana barua ya toleo, yaani ya kupewa kiwanja kabla hati haijatoka, wa tatu ana hati kamili, na wote wanakwambia "changu kimepimwa". Benki inataka hati inayoweza kusajiliwa rehani.

NEEMA: Na kuna yule mwenye karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji wa mtaa, basi.

YOHANA: Huyo dalali mwaminifu anamwambia siku hiyo hiyo: ndugu yangu, kamilisha hati kwanza, benki baadaye. Anakosa kamisheni yake, lakini kamwokolea mtu fedha. Mtu wa namna hiyo mimi namheshimu sana.

NEEMA: Twende kwenye riba, maana hapo watu wanaumia jamani. Nimepiga hesabu. Milioni 60, miaka 15, riba asilimia 15 kwa mwaka. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, rejesho ni kama 840,000 kwa mwezi. Jumla unarudisha kama milioni 151.

YOHANA: Haya.

NEEMA: Sasa ipigwe kwenye mkopo wote, kana kwamba hujapunguza hata senti. Riba peke yake milioni 135. Unarudisha milioni 195, yaani zaidi ya 1,080,000 kila mwezi.

YOHANA: Kwa asilimia ile ile!

NEEMA: Ile ile. Ndiyo maana nasema, dalali akikutajia asilimia tu, hajakwambia kitu. Mwambie alete ratiba ya marejesho, mwezi kwa mwezi, kwa maandishi, kutoka benki zaidi ya moja. Na aoneshe pembeni ada ya benki, mthamini, bima, usajili wa rehani.

YOHANA: Watumishi wa umma wanaotusikiliza, kumbukeni theluthi moja. Makato yote yakishatoka, lazima ibaki angalau theluthi ya mshahara. Dalali aisome salari slipu yako kabla hajakupa matumaini.

NEEMA: Na malipo yake?

YOHANA: Muulize wazi: anakulipa nani, benki au mimi? Makubaliano yaandikwe. Hati halisi usimwachie, mpe nakala. Halisi unaikabidhi benki mwenyewe, unasainiwa kwamba imepokelewa.

NEEMA: Moja limebaki, la mwenza. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Ardhi ya 1999 inalisema hilo.

YOHANA: Ukisikia dalali anasema "sahihi ya mama tutaimaliza wenyewe", ondoka hapo hapo.

NEEMA: Na wewe dada uliyeletewa fomu jioni usaini haraka haraka: omba nakala, usome. Uliza ni nyumba ipi, kiasi gani, kwa miaka mingapi. Hujaelewa, usisaini. Kesho yake nenda benki umuulize afisa mikopo mwenyewe.