Mkalimani Aliyepewa Kiti

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie wanawake katika diplomasia. Nikianza kuwataja mmoja mmoja, na saa hizi mmetoka kula wali, mtasinzia. Nitamchukua mmoja tu, Louise Mushikiwabo wa Rwanda, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Kimataifa ya nchi zinazotumia Kifaransa. Nimemchagua kwa upendeleo, sifichi: alisomea kazi yangu, ukalimani.

Alizaliwa Kigali mwaka 1961. Akasoma Kiingereza chuo kikuu pale Butare, akafundisha sekondari kidogo, kisha 1986 akaenda Delaware, Marekani, kusomea lugha na ukalimani.

Nyinyi mnakijua kibanda cha mkalimani. Mko wawili, mnapokezana kila nusu saa maana kichwa kinachemka. Mjumbe akisema "mimi," nawe unasema "mimi", hakuna "anasema kwamba." Siku moja nilitoka kunywa chai, mzee mmoja wa ujumbe fulani akanijia juu: "Kijana, mbona umetutukana?" Nikamwambia, mzee wangu, aliyesema ni yule pale mwenye tai nyekundu. Hakuniamini hata kidogo. Sauti aliyoisikia masikioni ilikuwa yangu.

Mwaka 1994 Mushikiwabo alikuwa anaishi Marekani. Aprili ile, mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, kaka yake, Lando Ndasingwa, waziri, aliuawa Kigali pamoja na mkewe na watoto wao. Ukipita Remera leo utaiona hoteli ya Chez Lando. Jina ni lake.

Alirudi nyumbani 2008 kuwa Waziri wa Habari, na mwishoni mwa 2009 akapewa Mambo ya Nje. Tazameni miaka hiyo. 2006 Rwanda imevunja uhusiano na Ufaransa. 2008 shule zinaamriwa kuacha kufundisha kwa Kifaransa, zifundishe kwa Kiingereza. Novemba 2009 nchi inaingia Jumuiya ya Madola, na mwezi huohuo inapatana tena na Paris! Karibu miaka tisa mama huyu ndiye aliyeisemea serikali hiyo mbele ya dunia, kwa ulimi mkali.

Kisha Oktoba 2018, kule Yerevan, Armenia, anapewa kiti cha Katibu Mkuu wa jumuiya ya Kifaransa. Aliyekuwa amekikalia, Michaëlle Jean wa Kanada, alikuwa bado anakitaka, lakini nchi yake mwenyewe ilimwacha siku chache kabla ya mkutano. Ufaransa ilikuwa imeshasimama na Mushikiwabo. Wapo waliouliza, inakuwaje nchi iliyokitoa Kifaransa darasani ikabidhiwe nyumba yake? Mimi naona Paris ilikuwa inatafuta njia ya kurudi Kigali, na Afrika, yenye wasemaji wengi wa lugha hiyo, ilikitaka kiti. Sarufi haikuhusika.

Kazi amefanya. Mwaka 2020 alianzisha mfuko wa kusaidia wanawake, na kule Djerba, Tunisia, 2022 akaongezewa muhula. Hayo mtayasoma wenyewe. Mimi linalonikaa kichwani ni Kongo.

Kongo ni miongoni mwa nchi zenye wasemaji wengi kabisa wa Kifaransa duniani. Mtu wa Goma, mashariki mwa nchi hiyo, anabishana bei sokoni kwa Kiswahili, anaandika barua ya ofisi kwa Kifaransa, na usiku anasikiliza mizinga ya vita ambavyo serikali yake inasema mkono wa Rwanda umo. Oktoba 2024, jumuiya ilipokutana Villers-Cotterêts, Ufaransa, Rais Tshisekedi alisusia sehemu ya kikao kwa sababu vita hivyo havikutajwa kwenye hotuba ya ufunguzi. Hotuba ile hakuitoa Mushikiwabo, aliitoa Rais Macron wa Ufaransa. Lakini mwambieni hivyo mtu wa Goma! Kila Katibu Mkuu akifungua kinywa, yeye anaisikia Kigali, kama mzee wangu wa chai alivyonisikia mimi. Tofauti ni kwamba mimi niliweza kumwonyesha mwenye tai nyekundu, naye Mushikiwabo karibu miaka tisa tai aliivaa mwenyewe.

Maswali sasa. Naanza na dada wa nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja Butare.